Freeman anarudi Atlanta: niandike nini kabla ya mechi, na tumpigie makofi?

"Mwalimu, shikamoo. Naishi Atlanta na familia yangu, na tangu Braves, timu ya besiboli ya hapa, wachukue ubingwa mwaka 2021 nimekuwa mshabiki wao wa kweli. Kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa huku nimepewa kazi ya kuandika dondoo kabla ya kila mfululizo wa mechi za besiboli. Wiki ijayo Dodgers wa Los Angeles wanakuja na Freddie Freeman, ambaye zamani alikuwa wetu. Mara ya mwisho walipokuja niliandika aya nne za Freeman na mstari mmoja wa Dodgers, tukafungwa na watu ambao sikuwataja hata jina, kundi zima likanicheka. Safari hii nataka kuandika kitu cha maana. Jamaa yetu mmoja anasisitiza kwamba mchezaji akirudi alikotoka lazima aadhibu kwa sababu anazijua siri zetu zote, na ameshaweka mkeka kuwa Freeman atapiga homurani, yaani atautoa mpira nje ya uzio. Na wanangu nao wananibana: huyu si alituacha akaenda kwa matajiri? Mbona uwanja mzima unasimama kumpigia makofi mpinzani? Sina jibu."

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo matatu, ila naona yote yametoka shina moja: umechanganya mapenzi kwa mchezaji na uchambuzi wa mpinzani. Vyote viwili vina haki yake, lakini havikai aya moja. Freeman mwenye historia na Atlanta ni habari ya jukwaani, ya dakika moja kabla hajarushiwa mpira wa kwanza. Freeman wa kwenye dondoo zako ni mpigaji mmoja kati ya tisa wa timu ngumu, na mara nyingi si yeye anayeamua mechi. Ukizitenganisha hizo mbili, kundi halitakucheka tena, au likikucheka litakuwa na sababu nyingine.

Tuanze na siri, maana huko ndiko uzushi umejaa zaidi.

Jamaa yako hajaota tu. Tarehe 18 Aprili 2022, Braves walipokwenda Los Angeles kwa mara ya kwanza tangu Freeman ahame, zamu yake ya kwanza kabisa dhidi yao aliutoa mpira nje ya uzio. Mtu akiona hivyo mara moja anabeba imani maisha yake yote. Lakini jiulize ni siri gani hasa anayoijua. Zamani mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alikuwa anatoa ishara kwa vidole katikati ya mapaja, na aliyewahi kukaa benchi lenu angeweza kuzitambua. Msimu ule ule wa 2022 ligi iliruhusu kifaa cha kielektroniki: mdakaji anabonyeza kitufe, mrushaji anasikia ndani ya kofia yake aina ya mpira na mahali pa kuurusha. Vidole havina kazi kubwa tena. Na mambo mengine, yaani mrushaji gani anapenda mpira upi akibanwa, yako kwenye video na takwimu ambazo timu zote 30 zinazo, kila mpira uliorushwa, kila msimu. Asiyewahi kukanyaga Georgia anayajua hayo sawa na Freeman.

Halafu ujuzi huo una njia mbili. Freeman alianza kuichezea Braves Septemba 2010, akakaa hadi ubingwa wa 2021. Kama yeye anajua siri zenu, ninyi mnajua zake kwa miaka hiyo yote: anapenda mpira wa wapi, anaukatia upande gani ukija nje. Kitu pekee ambacho ningekubali kuwa faida yake ni kuuzoea uwanja wenyewe. Alicheza Truist Park tangu ulipofunguliwa 2017, anajua mwanga wa jioni unavyoangukia na kwamba ukuta wa kulia, anakopenda kuvuta mpira mpigaji wa mkono wa kushoto, uko karibu kidogo kuliko wa kushoto: futi 325 kwa 335. Ni faida ndogo, na wapigaji wenu wanayo kubwa kuliko yeye.

Sasa hesabu ya mkeka. Chukua mpigaji mzuri anayepata homurani 25 katika zamu 650 za msimu. Hiyo ni moja kila zamu 26. Mechi moja atapata zamu nne hivi. Uwezekano wa kupiga angalau homurani moja usiku huo ni kama asilimia 14 au 15, yaani mara moja katika mechi saba. Kwa mechi tatu, zamu 12, unapanda hadi asilimia 37 hivi. Angalia vizuri hapo: bila kisasi chochote, bila siri, bila machozi, mpigaji wa namna hiyo ataondoka mjini kwenu na homurani zaidi ya safari moja katika kila tatu. Akiipiga, jamaa yako atasema "niliwaambia". Asipoipiga, hakuna atakayekumbuka. Imani ya mchezaji kuadhibu alikotoka inaishi kwa kula kumbukumbu za upande mmoja.

Hata wastani wake wa kupiga unadanganya kwa muda mfupi. Mtu wa .300, yaani anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi, ambaye ni hodari kweli, akipiga mara nne katika mechi, karibu robo ya mechi zake atatoka mikono mitupu. Katika mara 12 unategemea mapigo matatu au manne, lakini mawili si ajabu na matano si ajabu. Kwa hiyo ukiandika "Freeman yuko moto dhidi yetu" ukitegemea mfululizo mmoja uliopita, umeandika upepo. Braves na Dodgers hawako kundi moja la ligi, wanakutana mara sita au saba tu kwa msimu mzima, nusu huku nusu kule. Matokeo yao wenyewe kwa wenyewe ni machache mno kukuambia kitu. Achana nayo.

Uandike nini basi? Mrushaji. Aya yako ya kwanza iwe ya mrushaji atakayeanza, wa kwao na wa kwenu, mechi kwa mechi. Klabu hutangaza majina siku chache kabla, na hayo majina matatu kwa matatu yatakueleza zaidi kuliko safu nzima ya wapigaji. Kwa Dodgers kuna jambo la ziada. Wamejizoesha kuwapa warushaji wao mapumziko marefu kuliko desturi ya Marekani, hasa waliolelewa Japani ambako mrushaji huanza mara moja kwa wiki. Ndiyo maana ratiba yao hubadilika ghafla. Angalia kama Yoshinobu Yamamoto anaangukia siku zenu. Angalia kama Shohei Ohtani atarusha au atapiga tu. Tangu 2025 amerudi kufanya vyote viwili kwa klabu hiyo, na usiku anaporusha ni mechi nyingine kabisa.

Ukishajua anayeanza, jiulize anatumia mkono gani, na hapa ndipo Freeman anapoingia kwa haki. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto. Mrushaji wa kushoto akimrushia mpigaji wa kushoto, mpira unaonekana kama unatokea nyuma ya bega la mpigaji, kisha slaida, mpira unaopinda pembeni, inamkimbia kuelekea nje. Jicho linauona kwa muda mfupi zaidi na gongo linaufikia kwa taabu. Kwa wapigaji wengi wa kushoto hiyo ni tofauti kubwa. Kwa Freeman ipo, ila amejifunza kuusukuma mpira wa nje kuelekea upande wa kushoto wa uwanja badala ya kuuvuta. Kwa hiyo mkiwa na mrushaji wa kushoto anayeanza, andika. Ila usiandike kwamba meneja "atamleta wa kushoto kummaliza Freeman kisha amtoe". Tangu 2020 mrushaji anayeingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize awamu, yaani zamu ya timu kupiga hadi watu wake watatu watolewe. Ukimleta kwa ajili ya Freeman, anabaki na wanaomfuata, na Dodgers hupanga safu yao wakilijua hilo, kushoto na kulia wakipishana.

Nitakupa mfano mmoja ambao naona ungefaa kubandikwa kwenye kundi lenu. Mechi ya kwanza ya World Series 2024, yaani fainali ya ligi, Los Angeles, Yankees wa New York wanaongoza 3-2, awamu ya kumi, Dodgers wana watu wawili kwenye besi. Yankees wanamwingiza Nestor Cortes, mrushaji wa kushoto ambaye hakuwa amecheza kwa zaidi ya mwezi kwa sababu ya jeraha. Mpira wake wa kwanza, Ohtani anaupiga juu, Alex Verdugo anaudaka akiangukia jukwaani. Mpigaji ametoka, lakini kwa sababu aliyeudaka kaangukia nje ya uwanja wakimbiaji wanasogezwa besi moja mbele. Sasa besi ya kwanza iko wazi. Yankees wanampa Mookie Betts besi bure kwa makusudi, yaani anakwenda besi ya kwanza bila kupiga, besi zote zinajaa, ili wakutane na Freeman: kushoto kwa kushoto, na tena mtu mwenye kifundo cha mguu kibovu. Mpira wa pili wa Cortes usiku ule ulikwenda jukwaa la kulia. Mikimbio minne, mechi ikaisha 6-3, na haijawahi kutokea kabla ya hapo World Series mechi kumalizwa kwa homurani ya besi zote kujaa.

Wengi huusoma usiku ule kama hadithi ya ushujaa wa Freeman, na ni kweli alikuwa shujaa. Mchambuzi anausoma kwa mpangilio wa watu. Freeman alikutana na besi zilizojaa kwa sababu ya waliomtangulia. Wawili walishafika kwenye besi, Ohtani kwa kutoka kwake akawasogeza, na Betts aliogopwa kiasi cha kupewa besi bure. Mpigaji anayekaa nafasi ya tatu au ya nne anadhuru kwa kadiri ya watu anaowakuta mbele yake. Kwa hiyo sentensi muhimu kuliko zote kuhusu Freeman katika dondoo zako haitakuwa na jina lake ndani: ni ile itakayosema kama mrushaji wenu wa siku hiyo ana tabia ya kugawa besi za bure. Akiwa nayo, waonye wenzako. Akiwa mtu wa kuweka mipira ndani ya boksi, yaani eneo halali la kupigwa, Freeman anaweza kupiga mara mbili na zisizae kitu.

Warushaji wa akiba nao ni muhimu, hasa kama usiku uliotangulia mfululizo mmoja wenu alicheza awamu za ziada. Tazama nani karusha siku mbili mfululizo. Huyo siku ya tatu mara nyingi haingizwi. Anayeanza naye, safu ikimzunguka mara ya tatu, wapigaji huwa wameshauona mpira wake wa kutosha na huanza kumpata, ndiyo sababu mameneja wa siku hizi huwatoa mapema hata wakiwa wanafanya vizuri. Hayo mambo mawili yakikutana, akiba imechoka na anayeanza hafiki mbali, una utabiri wako. Safari ya ndege kutoka California na saa tatu za tofauti nitaitaja kwa sababu kila mtu huitaja, ila mimi sijawahi kuipa uzito.

Nije kwa wanao. Swali lao ni zuri kuliko la jamaa wa mkeka, na linastahili jibu la ukweli, si "nyamaza upige makofi".

Waambie kwanza kwamba neno "alituacha" linaruka hatua. Mkataba wa Freeman na Braves, miaka minane aliyosaini mapema 2014, uliisha yenyewe baada ya msimu wa 2021. Mwezi mmoja baada ya sherehe za ubingwa, tarehe 2 Desemba 2021, wamiliki wa klabu walifunga shughuli za ligi kwa sababu ya mgogoro wa mkataba na chama cha wachezaji, na hadi tarehe 10 Machi 2022 klabu hazikuweza kuzungumza na mchezaji yeyote kuhusu mkataba. Milango ilipofunguliwa, kila kitu kikaenda mbio. Tarehe 14 Machi Braves walimchukua Matt Olson kutoka Oakland, mchezaji wa besi ile ile ya kwanza, na kesho yake wakampa miaka minane kwa dola milioni 168. Freeman alikubaliana na Dodgers baada ya hapo, miaka sita, dola milioni 162. Ukiwapangia watoto tarehe hizo kwa mfuatano wataona wenyewe: nafasi yake ilishakaliwa kabla hajasaini kwingine. Nani alikosea katika mazungumzo yale, watu wa Atlanta wanabishana hadi leo na sitaingia humo. Ila hadithi ya mchezaji aliyetoroka kufuata pesa haikai sawa na kalenda.

Na Braves hawakubaki mikono mitupu. Mwaka 2023 Olson alipiga homurani 54, rekodi ya klabu. Ni rahisi kumpigia makofi mgeni wakati aliyekalia kiti chake anafanya kazi. Kiti kingekuwa kitupu, nadhani uwanja ungekuwa na sauti nyingine.

Pili, waeleze kwamba si kila anayerudi hupokelewa hivyo. Juan Soto aliichezea Yankees msimu mmoja tu wa 2024, akahamia kwa Mets, jirani wa jiji lile lile, kwa dola milioni 765. Aliporudi Yankee Stadium Mei 2025 alizomewa kila alipoingia kupiga, na mashabiki wa jukwaa la nyuma yake wakampa mgongo. Yeye akawavulia kofia. Kama wanao wanafuatilia mpira wa nyumbani, wataelewa mara moja kwa kumfikiria Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024: ukihamia kwa jirani usitegemee maua. Freeman alikwenda upande wa pili wa nchi, jimbo alikozaliwa, baada ya misimu kumi na miwili, tuzo ya mchezaji bora ya 2020, na mpira wa mwisho wa ubingwa wa 2021 ulioishia kwenye glavu yake. Uwanja unalipa deni.

Tarehe 24 Juni 2022 aliporudi mara ya kwanza, alilia kwenye chumba cha waandishi kabla hata hajavaa sare. Kabla ya mechi akakabidhiwa pete yake ya ubingwa na Brian Snitker, meneja wake wa zamani, akawashukuru watu huku anajifuta macho. Kisha Dodgers wakashinda mechi mbili kati ya tatu. Waonyeshe watoto pia mikono yake. Hata katika joto la Georgia la mwezi wa saba huvaa shati la ndani la mikono mirefu, kwa kumkumbuka mama yake aliyefariki kwa saratani ya ngozi Freeman akiwa na miaka kumi. Watoto hushika kitu kama hicho haraka kuliko takwimu, na ni haki yao kumpenda mtu kwa hicho huku wakiomba atolewe kwa straiki tatu.

Kama hawataki kupiga makofi, waache wakae. Hakuna sheria.

Kuhusu jamaa yenu wa mkeka nina neno moja la uzito, na naomba usilibandike kwenye kundi. Mtu kuweka kiasi kidogo kwa utani ni jambo moja. Lakini ukisikia anakopa, anaficha simu, analipa kodi ya nyumba kwa kuchelewa, au anaongeza dau ili kurudisha aliyopoteza jana, hesabu yangu ya asilimia 37 haitamsaidia chochote. Ataisoma kama ahadi. Hapo inatakiwa mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Anza wewe au mzee anayemheshimu, faragha, bila kumtania. Kisha mpeleke kwa mshauri wa masuala ya uraibu. Kliniki nyingi na vituo vinavyohudumia wahamiaji hapo mjini vinaweza kumwelekeza, na aombe mkalimani kama Kiingereza cha mambo ya moyoni kinamkwama.

Na wewe, kwa upande wa uandishi, nakushauri utafute mwalimu wa mezani. Mimi naweza kukueleza kwa maandishi hadi kesho, lakini kusoma mechi hujifunzwa ukiwa umekaa kando ya mtu mwenye kalamu na kadi ya kuandikia matokeo. Kila uwanja una wazee kadhaa wanaoandika kila mpira kwa mkono. Omba kukaa jirani na mmoja wao, mwulize kwa nini ameweka alama ile. Ligi za watoto za Jumamosi pia hutafuta watu wa kujitolea kuandika, na huko utajifunza bila presha.

Jambo la mwisho ni la saa. Dodgers ni wageni, kwa hiyo wao ndio wanaoanza kupiga, na Freeman yuko juu kwenye safu. Zamu yake ya kwanza inaweza kufika ndani ya dakika kumi za mwanzo, na tangu 2023 kuna saa ya kurushia inayohesabu sekunde kati ya mpira na mpira. Mwamuzi anaweza kuisimamisha watu wanaposhangilia, au asiisimamishe: Aprili mwaka ule Cody Bellinger alirudi Dodger Stadium, uwanja wake wa zamani, akiwa na Cubs wa Chicago, watu wakasimama kumshangilia, na wakati anawashukuru mwamuzi akampa adhabu ya kuchelewa. Kwa hiyo msitoke nyumbani saa moja kasoro mkitegemea barabara ya Cobb iwe wazi. Geti likifunguliwa muwe hapo, wapelekeni watoto karibu na uzio wa besi ya kwanza waone mazoezi, na dondoo zako uwe umezituma mchana, majina ya warushaji yakiwa juu kabisa.